Kikohozi cha Upande wa Pili

Nimeishi katika miji mingi, na kila mji niliuacha kwa sababu iliyoonekana nzuri siku ile. Lindi, Morogoro, Mombasa, Tabora, kisha Mombasa tena. Wanaonijua huniuliza nakimbia nini, nami huwajibu kwamba sikimbii, natembea tu. Sanduku langu ni jepesi isipokuwa upande mmoja. Upande huo zimo santuri zilizofungwa kwa magazeti ya zamani, na wachukuzi wa stesheni wamenilaumu kwa ajili yake karibu miaka ishirini.

Zote ni santuri moja, nakala za wimbo ule ule.

Miaka ya hamsini ilipokuwa inaelekea ukingoni, nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa ghala la mkonge karibu na bandari ya Tanga. Nilikuwa nimemaliza sekondari, jambo ambalo siku hizo lilimfanya kijana atembee kifua mbele hata akienda kununua chumvi. Nilipanga chumba Chumbageni. Nilikuwa na baiskeli yenye taa inayowaka. Wazazi wangu wote wawili walikuwa wameshafariki, na mkubwa wangu aliyebaki alikuwa baba mkubwa, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Moa, mtu wa maneno machache ambaye wanafunzi wake walimwogopa hata akiwa amesinzia.

Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba, aliishi mwanamuziki ambaye mji mzima ulimwita Mzee tangu mvi hazijamtoka. Alipiga kodiani tangu kabla ya vita. Watu wengi walikuwa wameoana kwa nyimbo zake. Katika klabu yake wanaume walivaa suti nyeupe, na mlangoni alisimama mtu wa kukagua viatu. Ukija na makubadhi unarudishwa, hata uwe mtoto wa nani. Nyimbo zake zilikwenda taratibu, zikimpa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kuinua mguu. Lakini kwa miaka mingi hakuwa ametoa santuri mpya, na vijana walianza kusema kwamba Mzee amebakiwa na suti tu.

Mimi nilimjua kwa sababu ya barua. Kampuni ya santuri ya Nairobi ilimwandikia kwa Kiingereza, na Kiingereza chake kiliishia kwenye salamu. Alipotafuta mtu wa kumsomea na kumwandikia majibu, alielekezwa kwangu. Nikawa nakwenda pale Jumamosi alasiri, nikikaa mwanzo wa ukumbi, karibu na mlango wa barazani, ambapo ndipo mgeni mwanamume hukaa. Katika nyumba ile, kama katika nyumba zote za Ngamiani zenye heshima, mwanamke akitaka kupita ukumbini na kuna mgeni, hukohoa kwanza. Mgeni naye hugeuza uso ukutani mpaka apite.

Binti yake alikuwa na kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa kifupi, mara mbili, cha pili kimepanda kidogo kuliko cha kwanza, kama mtu anayegonga mlango kwa kucha. Akishakohoa hivyo, huweka sinia la kahawa kizingitini, baba yake akalichukua. Baadaye, kutoka uani, nilimsikia akiimba polepole huku anakuna nazi, na mbuzi ya nazi ikimpigia mdundo. Sikupata kumtazama vizuri usoni hata mara moja. Lakini ukinipeleka sokoni nimefungwa macho, kati ya wanawake mia, ningeweza kukuonyesha yule aliyekohoa.

Kwa hiyo niliposa. Baba mkubwa alikuja kutoka Moa kuwa mshenga wangu. Alivaa joho lake la Idi, akaibeba barua ya posa niliyoiandika kwa hati yangu bora, ikiwa imefungwa katika leso nyeupe aliyoidarizi marehemu mama yangu pembeni kwa uzi wa kijani. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamsubiri kwenye kona. Alikaa ndani kwa muda wa kunywa vikombe viwili. Alipotoka alisema wameipokea. Kisha akaongeza neno moja ambalo sikulitilia maanani.

“Binti ana adabu,” alisema. “Amekohoa kabla ya kupita.”

Sharti la baba mkubwa kwa Mzee lilikuwa moja, na alilisema mbele ya wazee wa mtaa: tunamchukua binti, hatuchukui dansi. Alitaka mkwe wa familia yetu asijulikane kwa ngoma wala kwa jukwaa. Mzee alicheka kwa upole na kukubali. Tangu siku ile binti akawekwa ndani kama inavyompasa mwanamwali aliyeposwa. Hakutoka hata kuchota maji. Arusi ikapangwa mfungo mosi, baada ya Idi.

Katika miezi hiyo hiyo kampuni ya Nairobi iliandika kwamba mafundi wake wangekuja Tanga na mashine ya kunasia nyimbo, na kama Mzee ana jambo jipya, alitayarishe. Nilimsomea barua hiyo mara mbili. Mara ya pili alikuwa amesimama. Aliniambia niwajibu kwamba jambo jipya analo, na kwamba watashangaa.

Siku za kunasa sikuwapo, nilikuwa kazini. Nilisikia tu kwamba walinasia nyumbani kwake, kwa sababu ukumbi wa klabu ulikuwa karibu mno na soko na kelele za wauza kuku. Waliziba madirisha kwa magodoro. Majirani waliombwa wasitwange.

Santuri ilifika baada ya miezi miwili. Siku ile nilitoka kazini saa kumi, nikaegesha baiskeli mbele ya hoteli moja ya chai niliyoizoea, pale ambapo mwenye hoteli alikuwa na gramafoni yenye tarumbeta pana kama ua la boga. Watu walijaa mpaka nje. Nilijipenyeza nikapata kipande cha benchi na kikombe cha chai ya tangawizi. Mwenye hoteli aliinua santuri juu kwa mikono miwili ili kila mtu aione, akaifuta vumbi ambalo halikuwapo, akaiweka.

Tulitazamia kodiani. Tulisikia gitaa la umeme.

Sijui namna ya kumweleza mtu wa leo tulivyoshtuka. Mabaharia walikuwa wameshaleta bandarini santuri za roki, na vijana wa relini walikuwa na moja au mbili ambazo walizipiga wakiwa wamefunga milango. Lakini huyu alikuwa Mzee, mtu wa suti nyeupe. Gitaa lilianza kama pikipiki inayowashwa, ngoma zikaingia zinakimbizana, halafu ikaja sauti yake tunayoijua, ile nzito ya kubembeleza, inaimba kwa haraka kama mtu aliyeachwa na treni. Hakukuwa na nafasi ya kufikiri kabla ya kuinua mguu.

Wimbo ulipokwisha mwenye hoteli aliinua sindano. Kisha wote wakasema kwa pamoja. Fundi cherehani mmoja wa makamo, mwanachama wa klabu tangu mwanzo, alisema kwa huzuni kabisa kwamba ni heri Mzee angekufa mwaka jana, tungemzika na jina lake. Vijana wawili wa mashamba ya mkonge, Wasambaa waliovaa misalaba shingoni, walikuwa wameshasimama wanataka upigwe tena. Mmoja akasema sasa ndipo Mzee amezaliwa. Mpiga pasi wa jirani alidai si Mzee anayeimba, wamemwiga. Mwingine akauliza suti ile nyeupe itachezwaje namna hii, si itachanika matakoni, na hapo watu wakacheka na hasira ikapungua kidogo. Mimi nilikuwa najiuliza baba mkubwa atasema nini. Tunamchukua binti, hatuchukui dansi. Na hii haikuwa hata dansi.

“Geuza,” alisema fundi cherehani. “Labda upande wa pili amerudiwa na akili.”

Mwenye hoteli akageuza santuri, akabadilisha sindano. Kodiani ikaja, polepole, ile ya zamani. Mabega ya watu yakashuka. Fundi cherehani akafumba macho. Ilikwenda hivyo peke yake kwa muda, kisha ikanyamaza, na katika ule ukimya, kabla ya neno lolote, mtu alikohoa.

Mara mbili. Cha pili kimepanda kidogo kuliko cha kwanza.

Chai ilinimwagikia pajani nisihisi. Halafu sauti ya msichana ikaanza kuimba. Ilikuwa sauti ya uani, sauti ya mbuzi ya nazi, isipokuwa sasa ilikuwa kubwa, imejaa hoteli nzima, imetoka mpaka barabarani ambako wapita njia walisimama na mizigo kichwani. Aliimba juu ya mtu anayehesabu treni zinazopita bila kupanda hata moja. Mwanamwali wangu, aliyekuwa amefungiwa ndani ili mwanamume asiye wake asimwone hata ukucha, alikuwa akiwaimbia wauza samaki, madereva wa malori na wale vijana wawili wa mkonge, ambao safari hii walikaa kimya midomo wazi.

Hapakuwa na ugomvi juu ya upande wa pili. Fundi cherehani alilia waziwazi, akajifuta kwa futi yake ya kupimia nguo. Ugomvi ulikuwa ni nani yule. Mmoja alisema sauti hiyo ni ya Unguja, huwezi kuikosa. Mpiga pasi akaapa kwamba ni mwanamke wa Mombasa, amemwona kwa macho yake, mnene, ana jino la dhahabu na waume watatu wamemwacha. Watu wakacheka. Nilikaa na paja langu limeiva, nikiwasikia wanamvisha mchumba wangu jino la dhahabu, na sikusema kitu.

Nilipanda baiskeli moja kwa moja mpaka kwa Mzee. Njiani nilipita hoteli nyingine mbili, na katika zote mbili alikuwa anakohoa.

Nilimkuta barazani, ametulia, anasubiri kusifiwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza nimeusikia upande wa kwanza. Nikamwambia nimeusikia wa pili. Hakubadilika uso. Akanieleza kama anavyoeleza mtu aliyefanya jambo kwa utaratibu mzuri. Mwimbaji waliyemkodi kutoka Mombasa alishikwa na homa, hakuja. Mafundi walikuwa na treni ya kesho yake. Binti alikuwa anaujua wimbo, maana ulitungiwa mle mle ndani. Basi Mzee akatundika pazia la arusi kwenye mlango wa uani, mikunjo miwili, akapitisha mkono wa mashine wenye maikrofoni chini yake, na shangazi wa binti akaketi naye upande wa ndani. Wale mafundi hawakuona hata kivuli. Binti akakohoa kwa desturi yake, kwa kuwa alijua upande wa pili wa pazia kuna wanaume, na mafundi hawakukiondoa kile kikohozi.

“Jina lake halikuandikwa,” alisema. “Uso wake hakuna aliyeuona. Sasa ametokaje ndani?”

“Ametoka, baba,” nilimwambia. “Yuko barabara nzima.”

Hapo ndipo nilipomwona anashtuka. Akageuza kichwa kuelekea mjini, na kweli, upepo ulipogeuka, tulimsikia kutoka hoteli ya kona, mdogo kama mtu aliye kisimani. Mzee alikuwa ameishi miaka yote ile kati ya jukwaa na nyumba yenye pazia, na alijua kila hila ya kuzuia macho. Sauti hakuwa ameifikiria. Alikuwa mwanamuziki miaka thelathini na hakuifikiria. Mpaka leo naona ni kosa ambalo mtu wa kwetu tu ndiye angeweza kulifanya, na ningelicheka kama lingempata mtu mwingine.

Aliniuliza kama kuna aliyemtambua. Nikamwambia hakuna ila mimi. Akaniuliza kama nitamwambia baba mkubwa. Nikasema hapana. Akaniuliza, kwa sauti ya chini zaidi, kama bado namtaka. Nikasema ndiyo, lakini nilichelewa kidogo kusema, na mlango wa uani ulikuwa wazi.

Usingizi ulinipaa siku kadhaa. Baba mkubwa alikuwa anakuja baada ya wiki mbili kumaliza mambo ya arusi, na santuri ile ilikuwa kila mahali. Nikapata wazo ambalo lilionekana la mtu aliyesoma. Maduka yaliyouza santuri Tanga yalikuwa mawili tu, yote ya Wahindi wa barabara kuu. Nilikwenda la kwanza nikanunua nakala zote zilizobaki. Nikaenda la pili nikafanya vilevile. Nilizibeba kwenye baiskeli kwa safari tatu, nikaziweka chini ya kitanda changu Chumbageni. Nilifikiri hivi: zilizoko hotelini zitachakaa kwa sindano au zitavunjika, mpya hazitapatikana, na kufika mfungo mosi watu watakuwa na wimbo mwingine.

Baada ya siku tisa nilipita duka la kwanza na kukuta kasha la mbao limefunguliwa mlangoni, majani makavu yametapakaa. Mwenye duka alinipokea kama ndugu. Alisema katika maisha yake ya biashara hajaona santuri ikiisha siku moja. Alikuwa amewapigia simu Nairobi yeye mwenyewe. Ameagiza kasha zima, na mwenzake wa duka la pili kaagiza mawili, na nyingine wameshazipeleka Pangani, Muheza, Korogwe na kaskazini mpaka Moa. Kisha akanizawadia pakiti ya sindano.

Ilinibidi nikae kwenye ngazi ya duka. Nilikuwa nimemtangaza mwenyewe, kwa mikono yangu, mpaka kwenye mlango wa chuo cha baba mkubwa.

Alifika Jumanne kwa lori la samaki wakavu. Alikuwa na njaa, akataka chai kabla ya jambo lolote. Nilijaribu kumpeleka nyumbani, nikasema nina mkate wa kumimina, nikasema hoteli hazina usafi. Akaniambia nimeanza kudeka. Akaingia ile ya kwanza aliyoiona, na ilikuwa ile ile. Mwenye hoteli, kwa heshima ya mwalimu, alikuwa anataka kuizima gramafoni, lakini wateja wakanung'unika, na baba mkubwa akamwashiria kwa mkono aiache, yeye ni mpita njia.

Upande wa kwanza ulipigwa wote akiwa anakula mbaazi. Alitikisa kichwa mara moja, kama mtu anayefukuza nzi. Upande wa pili ukaanza. Nilimtazama mikono. Kodiani ikanyamaza, na kile kikohozi kikaja. Tonge lilisimama katikati ya bakuli na mdomo. Lilisimama kwa muda mfupi sana, kisha likaendelea na safari yake. Alisikiliza mpaka mwisho ameinamisha uso. Mpiga pasi, aliyekuwa benchi la pili, alimuuliza mwalimu anaonaje, huyu si mwanamke wa Mombasa mwenye jino la dhahabu?

“Huenda,” alisema baba mkubwa. “Mombasa kuna watu wengi.” Akaomba maji ya kunawa.

Nilishukuru Mungu. Nilijiambia kwamba mzee wa watu hakutambua kitu. Na kwa furaha ya kuponea pale, alasiri ile nilifanya jambo ambalo nilidhani ni la wema. Nilikwenda kwa Mzee. Yeye mwenyewe hakuwapo, alikuwa mazoezini na vijana wake wapya wa gitaa. Shangazi wa binti alinikaribisha niketi mwanzo wa ukumbi, naye akakaa karibu na mlango wa uani akichambua mchele, ili mambo yawe ya heshima. Nyuma ya mlango, binti alikohoa. Nilipokisikia kikohozi kile mahali pake pa haki, nilitaka kulia.

Nikamweleza yote. Nilimwambia nilivyokaa kimya hotelini, nilivyonunua santuri zote, zilivyo chini ya kitanda changu, jinsi kasha lilivyokuja, lakini nitanunua na hizo pia nikipata mshahara, na kwamba baba mkubwa amesikia na hakujua. Nilisema tukishaoana ataapa mbele yangu kwamba hataimba tena, hata uani, na jambo litafutika kama halikuwapo. Nilimaliza nikasubiri anishukuru. Shangazi alikuwa ameacha kuchambua.

“Mie nimeimba mara moja,” alisema kutoka nyuma ya mlango. “Wewe umenisikiliza mara ngapi?”

Hesabu nilikuwa nayo. Chini ya kitanda kulikuwa na santuri, na mezani kulikuwa na gramafoni ya kukodi, na kila jioni nilikuwa nimempiga, dirisha nimelifunga kwa blanketi, mpaka sindano ikawa butu.

Aliuliza tena. “Ukawa waona haya, au waona uzuri?”

Nikasema vyote viwili. Ilikuwa kweli, na labda ndiyo kweli pekee niliyosema siku ile. Kisha akasema, bila hasira, kwamba baba yake alimwekea pazia, lakini pazia lilikuwa na upande wa pili. Mimi namtia chini ya kitanda. Halafu nikasikia nyayo zake zikielekea uani, na safari hiyo hakukohoa.

Asubuhi ya pili yake nilikuwa nimekaa na baba mkubwa kwenye baraza ya nyumba niliyopanga. Shangazi wa binti alikuja kwa miguu kutoka Ngamiani, amejifunika buibui, peke yake. Alimwamkia baba mkubwa, akakataa kukaa. Akatoa leso nyeupe yenye uzi wa kijani, akamkabidhi kwa mikono miwili, kama ilivyokabidhiwa. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi, inanukia udi. Barua yangu ilikuwamo ndani, imekunjwa kwa mikunjo ile ile niliyoikunja. Katika desturi yetu hakuna haja ya maneno. Posa ikirudi katika kitambaa chake, imekataliwa. Lakini kwa kawaida hukataliwa kabla ya kupokewa. Sikupata kusikia posa iliyopokewa na wazee ikarudishwa na mwari mwenyewe. Shangazi alisema binti amekata shauri tangu nilipokwenda kuzungumza naye jana, baba yake amemsihi usiku kucha hakukubali, na kwamba vitu vyetu vingine vitafuata kabla ya Ijumaa. Akaaga.

Nilimgeukia baba mkubwa. Nilidhani atawaka. Nilidhani atataka kujua ni aibu gani hii, na nilikuwa tayari kumwambia yote, santuri, pazia, kitanda, kila kitu, ili lawama iende Ngamiani na isibaki Chumbageni. Nilianza hata kusema. Nilisema, baba mkubwa, yule unayemsikia hotelini.

“Najua,” alisema.

Nikamwuliza anajua nini.

“Nilimjua jana kabla hajaimba neno. Si alikohoa mbele yangu siku ya barua?” Aliigeuza ile leso, akatazama udarizi wa shemeji yake marehemu. “Nikaona kijana wangu amelijua na amelinyamazia. Nikasema moyoni, vyema, ana sitara, ataiweza nyumba. Nami nikanyamaza. Kumbe wewe hukunyamaza. Ulikwenda kumwambia ya kwamba ni aibu.”

Yule aliyetaka mkwe asiwe na dansi, ambaye nilikuwa namficha kila kitu, alikuwa amekwisha kulipokea jambo zima na kulifunika kwa mbaazi na neno moja la uongo mwembamba kwa mpiga pasi. Ningenyamaza siku moja tu zaidi, arusi ingekuwapo.

Nilimwomba airudishe leso, aende tena, aseme nimekosa. Alinyanyuka akafunga kilemba chake.

“Leso haiendi mara mbili nyumba moja,” alisema. “Nitafutie lori la Moa.”

Mzee aliendelea na gitaa lake la umeme, na mji uliendelea kugombana juu yake. Fundi cherehani alihama klabu, kisha akarudi. Binti aliolewa miaka miwili baadaye na fundi wa relini, Mbondei, na niliambiwa kwamba katika arusi za wanawake, ndani, aliimba bila kuombwa mara mbili. Wakati huo nilikuwa Lindi.

Santuri zilizobaki ni kumi na nne. Nyingine zimevunjika njiani, hasa kwenye lori la kwenda Tabora. Nikifika mji mpya huwa natafuta mahali penye gramafoni, lakini sipigi zangu. Nakaa na chai yangu, nasubiri kama wana ile yao. Mara moja, Morogoro, walikuwa nayo, imechakaa, inakwaruza. Kodiani ikanyamaza. Mtu wa jirani alikuwa anazungumza na mwenzake kwa sauti kubwa, nami nikajikuta nimeugeuza uso ukutani.